Baiskeli Isiyo na Keria

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Ni jambo gani uliloanza ukiwa mtu mzima, ambalo leo ndilo linalokupa nafasi ya kufikiri?" Nililisoma swali hilo nikiwa nimesimama kwa mama mboga, nikacheka peke yangu hadi akaniuliza kama nimetumiwa pesa. Jibu langu ni baiskeli ya milimani. Tatizo ni kwamba baiskeli hainipi nafasi ya kufikiri hata kidogo. Inaninyang'anya. Itabidi nieleze, na sitaeleza kwa ufupi.

Nina miaka 44. Nakaa Ruaka, hatua chache tu nje ya mpaka wa Nairobi, na kazi yangu ni kuweka hesabu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi: mabati, misumari, saruji, na wateja wanaoahidi kulipa Ijumaa bila kutaja Ijumaa ipi. Nilijifunza kupanda baiskeli nikiwa na miaka 39. Sisemi baiskeli ya milimani. Nasema baiskeli yoyote.

Si kwamba hazikuwepo. Nilizaliwa Kinangop, na baba alikuwa na Black Mamba, ile baiskeli nyeusi, nzito, yenye breki za fito za chuma na keria inayobeba gunia la viazi bila kunung'unika. Kinangop iko juu, kama mita 2,500 hivi, na alfajiri baridi yake huuma masikio. Saa kumi na moja baba alikuwa ameshafunga mikebe ya maziwa kwenye keria kwa blada, ile mipira inayokatwa kutoka tyubu kuukuu, naye yuko njiani kuwahi lori. Breki za fito zikilowa umande huwa pambo tu. Kwenye mteremko baba alikuwa anashusha mguu na kuikandamiza soli ya akala juu ya tairi, mpira kwa mpira, na akirudi nyumbani alikuwa na harufu ya kitu kilichoungua. Akala la kulia lilikuwa linaisha mapema kuliko la kushoto. Mama alikuwa analalamika juu ya hilo kuliko jambo lingine lolote katika ndoa yao.

Kaka zangu walijifunza kwenye baiskeli hiyo hiyo, wakipitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu kwa sababu kiti hawakukifikia, mwili umepinda kama ndoana. Mimi niliijaribu mara moja tu, nikiwa darasa la nne. Nilikuwa bado sijakanyaga hata mzunguko mmoja baba alipotokea upande wa zizi akasema neno moja: "Shuka." Nyanya akaongeza la kwake jioni, kwamba mtoto wa kike hapanui miguu mbele za watu. Nikashuka, nikakaa chini miaka karibu thelathini.

Halafu ukaja mwaka 2020. Mwezi wa Aprili serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake, shule zikawa zimefungwa, na mwanangu wa miaka 13 akawa anazunguka sebuleni kama paka aliyefungiwa. Nikamnunulia baiskeli ya mtumba kwa shilingi 14,000: ya milimani, magurudumu ya inchi 26, gia nyingi kuliko nilizoelewa, uma wa mbele wenye springi uliokuwa ukilia kama mlango wa choo cha shule. Aliipanda wiki tatu. Akarudi kwenye simu. Baiskeli ikabaki imefungwa kwenye vyuma vya ngazi, na kila nikipanda na mifuko ya sokoni usukani unanichoma ubavuni. Siku moja nilisimama nikaiambia, kwa sauti, kwamba mmoja wetu atahama.

Nilijifunzia kwenye maegesho ya ploti yetu, kabla ya mapambazuko, ili anione mtu mmoja tu, yaani askari wa usiku. Mzee yule alinishikia kiti wiki nzima bila kuombwa. Nilikuwa natazama gurudumu, natazama sakafu, natazama miguu yangu. "Madam," aliniambia, "huko chini hujapoteza kitu." Mpaka leo sijapata mwalimu aliyenifundisha kwa maneno machache hivyo.

Barabarani nilikwenda kwa aibu. Nilivaa sketi juu ya suruali ya mazoezi, eti nijisitiri, hadi ikanaswa na cheni mbele ya stendi ya bodaboda. "Shosho, ngoja tukusaidie!" Shosho, yaani nyanya! Nilikuwa na miaka 39. Walinisaidia kweli, lakini, na tangu siku hiyo sketi haijatoka kabatini kwa shughuli hiyo. Na niseme hapa, maana sitarudi tena kwenye jambo hili: sehemu ya hatari kuliko zote katika safari yangu ya msituni ni ile lami ya kufika msituni. Mizizi na mawe hukaa mahali pake. Matatu haikai.

Msitu wenyewe ni Karura. Wasomaji wa Nairobi wanaujua, ila labda vijana hawajui ulivyokuwa ukisemwa. Nilipokuja mjini kusomea uhasibu mwaka 2000, Karura ilikuwa jina la kutishia watoto. Niliambiwa ni mahali maiti huokotwa, na kwamba gari likiharibika karibu na hapo usishuke. Mwaka mmoja kabla, Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipigwa pale walipokwenda kupanda miti kupinga ardhi ya msitu kugawiwa watu wa kujenga majumba. Leo ni hekta zaidi ya 1,000 ndani ya uzio, zenye njia nyekundu, maporomoko ya maji, mapango, na vibao vyenye namba kwenye kila njia panda ili watu wa aina yangu wasipotee. Kuna mbega pia, wale weusi wenye vazi jeupe, ambao mababu zao waliletwa kutoka Kipipiri kurudishwa Karura ambako walikuwa wametoweka. Kipipiri ni kwetu, Nyandarua. Kila nikiwaona juu ya mti nawasalimu Kikikuyu. Mtu akinisikia shauri yake.

Sasa nije kwenye kunyang'anywa.

Watu wanaotembea msituni wanaweza kufikiri. Nawaona, mikono nyuma, nyuso zimelainika. Mimi juu ya baiskeli siwezi. Udongo wa Karura ni mwekundu, na mvua ikishautia maji unakuwa sabuni. Mzizi uliolowa ukiukata kwa mshazari gurudumu linateleza kabla hujajua kuna mzizi. Kwa hiyo macho lazima yawe mita kumi mbele, si kwenye mzizi wenyewe. Breki lazima ishikwe kabla ya kona na kuachiliwa ndani ya kona. Gia lazima ishushwe kabla mlima haujakubana, maana ukibadilisha ukiwa umeshabanwa cheni inagugumia na kuruka. Makalio yanatoka kwenye kiti na kurudi nyuma kwenye mteremko, yanasogea mbele kabisa kwenye mwinuko. Magoti yanalegea. Katikati ya yote hayo utamkumbuka saa ngapi mteja wa saruji mwenye deni? Nimejaribu. Siku moja niliingia msituni nimebeba ugomvi kichwani, nimeupanga vizuri, nitakachosema mimi, atakachojibu yeye. Nilipofika kwenye mto wa kwanza nilikuwa nimesahau hata umeanzia wapi.

Na siku niliyong'ang'ania kufikiri ndiyo siku niliyoanguka. Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, mvua za vuli, mteremko nilioupita mara ishirini. Nilikuwa nahesabu moyoni ada ya muhula. Nikaona mzizi nimechelewa, nikabana breki ya mbele kwa vidole vyote. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, kwa sababu ukisimama ghafla uzito wako wote unahamia huko. Ukiibana hivyo gurudumu linasimama na wewe unaendelea na safari. Nilivunjika mtulinga. Wiki sita mkono kwenye kitambaa. Mama mkwe alikuja kunipikia, na kila akiweka sahani mezani alikuwa ananitazama bila kusema kitu, mtazamo ambao ungetosha kuvunja mtulinga wa pili.

Katika wiki hizo sita, kwa kuwa kupanda siwezi, nikasoma. Nilikuwa nataka kujua nani hasa alikaa akaamua kwamba baiskeli ipelekwe mlimani. Nikakutana na vijana wa Marin, kaskazini mwa San Francisco, miaka ya 1970. Walikuwa wanaokota baiskeli kuukuu za Schwinn, za miaka ya 1930 na 1940, nzito, za matairi manene, wanazipandisha mlimani na kuteremka nazo kwa kasi kwenye njia za vumbi. Mwaka 1976 wakaanza mashindano kwenye njia moja iliyopewa jina Repack, na jina hilo lina maana yake: breki zao zilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, zile za kukanyaga kinyumenyume, na wakifika chini grisi imeungua yote inafuka moshi, inabidi kitovu hicho kifunguliwe na kujazwa grisi upya. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, akaunda fremu mpya kwa kazi hiyo. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza baiskeli ya milimani iitwayo Stumpjumper, na mwaka 1996 mchezo huo ukaingia Olimpiki, Atlanta.

Lakini mimi nilikuwa nimebaki kwenye moshi. Baiskeli nzito, kuukuu. Mteremko. Breki inayoungua. Niliweka simu chini. Nilikuwa nimemwona baba, na akala lake la kulia, na mikebe ya maziwa nyuma ambayo hakuna hata mmoja wa wale vijana wa Marin aliyekuwa nayo.

Wapo wanaodhani mchezo huu umeletwa Nairobi na wageni wenye pesa. Wageni wenye pesa wapo, sikatai, na baiskeli zao zina thamani ya gari langu nisilo nalo. Ila hapo katika mji wa Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, David Kinjah amekuwa akilea waendesha baiskeli kwa miaka mingi, na mmoja wa waliopitia mikononi mwake ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kuja kushinda Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, mara nne. Mimi kasi yangu ni ya mbuzi aliyeshiba. Natembea na kikundi cha watu wanane: mwalimu wa kemia, fundi umeme, dada wawili wa Kinoo, na wengine wanaokuja na kupotea. Tumefika mashamba ya chai ya Tigoni. Tumefika Ngong, juu ya vile vilima vinavyofanana na vifundo vya ngumi, mita 2,460 kileleni, upepo ule ule unaozungusha mitambo ya umeme ukitaka kukuvua kofia na kichwa chake. Kule nusu ya njia tulisukuma. Nilikuwa naona haya kusukuma. Mwalimu wa kemia akasema baiskeli imekubeba miezi sita, na wewe huwezi kuipeleka hatua mia? Upande wa kushukia tambarare, mvua ikiwa imenyesha, msiende kabisa. Udongo mweusi ule hujishika kwenye matairi tabaka juu ya tabaka hadi gurudumu linagoma kuzunguka, na unabeba begani kitu chenye uzito wa ndama.

Kufikiri kunakuja baadaye, Mhariri. Kunakuja nikiosha.

Nina karai, matambara, mafuta ya taa kwenye kikopo cha majarini, na mswaki wa zamani wa mwanangu. Jumapili alasiri nageuza baiskeli miguu juu kwenye roshani, naanza na cheni. Mikono ina kazi isiyohitaji akili, mwili umechoka kiasi cha kutotaka ugomvi, na kichwa kimefungiwa nje masaa matatu kwa hiyo kinarudi kwa adabu, kama mtoto aliyechelewa. Hapo ndipo vitu vinajipanga. Sivipangi mimi.

Nitatoa mfano wa kweli. Kuna kijana ofisini, msaidizi wangu, ambaye nilikuwa nimemwandikia barua ya onyo kwa kuingiza mali ya stoo mahali pasipo pake, mara tatu mfululizo. Barua ilikuwa kwenye mkoba, ya kumpa Jumatatu. Jumapili nikiwa nang'oa tope katikati ya meno ya gia za nyuma, simfikirii yeye, simfikirii mtu, nikaona mbele ya macho yangu ukurasa wa daftari la stoo na safu zake. Safu ya mabati ilikuwa ya tatu. Nani aliihamisha kutoka ya tano? Mimi. Mwezi wa nane, ili inirahisishie. Nilimwambia nani? Sikumwambia mtu. Nilibaki nimeshika mswaki hewani mafuta ya taa yakinitiririkia kwenye kiwiko. Barua niliichana jioni ile ile, na Jumatatu nilimnunulia kijana chai na mandazi. Alikula kwa wasiwasi. Hajui mpaka leo ilikuwa ya nini.

Na kuna lile neno la baba. Nilikuwa nimelibeba muda mrefu nikiamini nimeshalitua. Baada ya kuanguka, fundi wangu wa Ruaka alininyooshea rimu, akizungusha gurudumu polepole na kukaza spoki moja moja huku akisikiliza kama mtu anayepima gitaa. Bei aliyoitaja ilinikera. Nikiwa naosha wiki hiyo nikajikuta napiga hesabu nyingine: pale nyumbani, rimu ikipinda, maziwa yangefikaje kwenye lori? Baiskeli ile ndiyo iliyokuwa miguu ya ng'ombe wetu. Karo yangu ilipanda juu ya keria ile. Labda baba aliposema "Shuka" hakuwa anamwona msichana; alikuwa anaona gurudumu.

Nilifurahia wazo hilo kwa muda wa cheni nzima. Halafu nikakumbuka kwamba kaka zangu waliiangusha baiskeli ile mara ngapi sijui, mmoja aliiingiza hadi mtaroni, na hakuna aliyeambiwa ashuke. Kwa hiyo mambo yote mawili yamebaki. Nimeacha kuyasukuma yapatane.

Desemba iliyopita niliamua kwenda nayo nyumbani. Nililipia nafasi yake juu ya matatu kama abiria, na nikaiendesha kutoka stendi hadi kwetu, watoto wakinifuata. Baba ana miaka 78 sasa. Alikuwa kwenye kigoda langoni. Mimi nimeitwa jina la mama yake, kwa hiyo yeye huniita Mama.

Hakunisalimu kwanza. Aliinuka, akaibonyeza tairi kwa kidole gumba. "Mama, upepo umepungua."

Nikamweleza: haujapungua, nimeuacha hivyo makusudi. Watu wa lami hujaza tairi hadi paundi 80 na zaidi; mimi naweka 30 nyuma na 27 mbele, ili tairi liwe laini, lijikunje juu ya mzizi badala ya kuurukia. Alisikiliza vizuri. Akabonyeza tena, safari hii kama mtu anayepima parachichi. Akashika breki ya mbele akasukuma, gurudumu la nyuma likainuka, naye akaguna kwa heshima. Akazunguka nyuma. Akainama. Akazunguka tena upande wa pili.

"Keria iko wapi?"

"Haina, Baba."

"Inabeba nini?"

"Inanibeba mimi."

Alinitazama, akaitazama baiskeli, akaingia stoo. Nilidhani mazungumzo yamekwisha. Siku mbili baadaye, asubuhi ya kuondoka, alitoka stoo ile ile na mfuko wa viazi na blada mbili, akaufunga juu ya usukani wangu kwa mafundo ambayo nisingeweza kuyafungua hata kwa meno, akautikisa, akaridhika. Viazi vya mjukuu.

Kutoka langoni kwetu hadi barabara kubwa kuna mwinuko mfupi, mkali, wa kokoto. Nilishusha gia zote nilizo nazo. Mfuko ulikuwa unanigonga goti kila mzunguko, gurudumu la mbele linayumba, na katikati ya mlima pumzi ikanikatika, nikaanza kutoa mguu kwenye pedali. Nyuma yangu nikasikia sauti yake, ile ile ya upande wa zizi:

"Usishuke!"

Nilishuka. Mlima ule ni mkali, na viazi vilikuwa kilo nane.